Ukiona Miguu Yangu Imechelewa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Baraka, kila barafu ya uwanjani inapomwagiwa maji mapya ikaanza kung'aa. Msimu ulikuwa unaisha. Theluji ya nje ilikuwa inayeyuka, na katika ule ukumbi wetu wa zamani wa Malton, jirani na uwanja wa ndege, joto lilipokutana na barafu, ukungu uliinuka hadi viunoni. Wachezaji wa hoki tulionekana nusunusu, kama watu wanaoelea bila miguu. Ndege ya mizigo ikapita juu ya paa, vioo vikatetemeka, kisha kimya. Ndani ya kimya hicho nikasikia kijana wa timu ya Markham akiita: "Shikamoo, mzee!"

Nitafika huko. Kwanza uniwie radhi kukuita mwanangu ilhali nina miaka thelathini na sita tu. Katika hoki mtu huzeeka kabla hajaota mvi. Na mimi, ambaye hukaza kamba za viatu, nikazifungua, nikazikaza tena mpaka mnanicheka, nadhani wasiwasi umeniongezea miaka mingine. Kesho wewe, kocha wetu mpya, niliyekushika mkono ulipokuwa unajifunza kusimama kwenye barafu, utakaa na tajiri wa timu muamue mnifanye nini: beki aliyepungua mbio, mwenye mkataba mnono kuliko wenzake wote. Najua hulali. Mimi pia silali. Ndiyo maana nakusimulia habari za Mzee Zuli, mkongwe niliyemkuta kwenye timu hii.

Wazazi wake walifunga duka lao Mwanza wakaja naye huku akiwa mdogo. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, kitamu na cha kizamani. Nilipojiunga na timu nilikuwa kijana niliyejifundisha hoki mwenyewe kwa kutazama video, nikizirudisha nyuma mpaka macho yaume, baba akiwa zamu kwenye maghala ya uwanja wa ndege. Nikapangwa beki pamoja naye. Mshahara wake ulikuwa umemeza mfuko wa timu, na miguu yake ilikuwa imekwisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo tulinong'ona.

"Wamlipe aende zake."

"Si wamuuze?"

"Nani atamnunua? Labda jumba la makumbusho."

Wa kumwambia usoni hakuwapo. Ukimya huo tuliuita heshima. Hata wapinzani walikuwa na heshima yao. Vijana wa Kitanzania wa Markham wakimkaribia na mpira, yaani kile kisahani cheusi, walimwamkia, "Shikamoo, mzee!" Naye, kwa jinsi alivyolelewa, hakuweza kuiacha salamu ining'inie hewani. Aliitikia "Marahaba," na kabla neno halijamtoka lote, kijana alikuwa ameshampita. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye pia alicheka, lakini mimi niliyekuwa karibu niliyaona macho yake.

Nikaamua kumsitiri. Nikawa nacheza upande wangu na upande wake, nikiziba kila alipochelewa, bila kusema neno. Niliona ni wema. Sikujua kuwa ulikuwa pia woga wangu wa kufungwa bao upande wetu, kwa sababu mimi kosa dogo hunikosesha chakula.

Siku moja ya mazoezi akaja kukaa kando yangu, nami kama kawaida nahangaika na kamba.

"We bwana mdogo, nani kakutuma unibebe?"

"Sijakubeba, Mzee."

"Unanibeba kama jeneza. Tofauti ni kwamba maiti hana habari." Akanitazama. "Juzi winga wetu alichelewa, ukampigia kelele mpaka kipa akashtuka. Mimi nikichelewa unapita nyuma yangu polepole, kama mtu anayepita nyuma ya wanaoswali. Nipigie kelele na mimi! Siku mkiacha kunipigia kelele, mmeshanizika."

Akainuka, akamwendea kocha mbele yetu sote. "Mshahara wangu mliuandika wenyewe, na nitaula mpaka mkataba uishe. Silioni hilo kuwa aibu. Aibu ni kuula bila kazi. Nipe kazi ninayoiweza bado."

"Ipi, Mzee?"

"Tukiwa pungufu."

Unajua hali hiyo. Mmoja wetu akitolewa kwa kucheza rafu, wanne tunawakabili watano. Hapo hukimbizani na mtu. Unasimama panapostahili, unaziba njia, unangoja. Utu uzima dawa. Basi mimi nikapewa kijana mwenzangu wa kukimbia naye, Mzee Zuli akawa anaingia tunapopungua. Akiwa benchi alinikaripia, na akiwa kwenye barafu nilimkaripia. Sijawahi kumheshimu mtu kiasi kile.

Ndipo ikaja siku ile ya ukungu. Aliyetolewa kwa rafu nilikuwa mimi. Nimefungiwa kwenye kile kibanda cha wakosaji, siwezi kumbeba mtu. Nikaona kivuli cha Markham kinachanja ukungu. "Shikamoo, mzee!" Nikapaza sauti: "Mzee, kushoto!"

"Marahaba, mwanangu," ukungu ukajibu, bila haraka. "Unatafuta hiki?"

Kisahani kilikuwa kwenye fimbo yake. Akakisukuma mbali, kikateleza ndani ya weupe ule, na kwa kitambo kirefu hatukusikia kikigonga ukuta. Tulifungwa mechi ile hata hivyo. Lakini mwaka uliofuata alitia saini kwa mshahara mdogo, na alipotundika viatu aliitundika jozi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa sikia, mwanangu. Jumapili iliyopita nilichelewa, mshambuliaji akanipita, nikangoja sauti yako. Wewe ukatazama viatu vyako. Nililiona hilo, na liliniuma kuliko bao.

Mshahara wangu ulipimwa kwa miguu ya jana. Kosa hilo ni la mkataba, na lina siku yake ya kwisha. Usinipange mbele kwa sababu nalipwa sana, wala usinitupe benchi ili kuukomoa mkataba. Niulize ninachoweza bado. Nitakujibu kweli, hata sauti ikitetemeka, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Kama hakuna ninachoweza, mkaamua kuniuza au kuniaga, niambie ukinitazama machoni, nisije nikayasikia chumbani kwa minong'ono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mtu mzima usimzike kwa adabu angali anapumua.

Mola akupe sauti isiyoogopa wakubwa, na moyo usiodharau waliochoka. Barafu ikuchukue mbali, na siku yako ikifika, Mola akupe kijana wa kukuita kwa jina ndani ya ukungu. Kesho kutwa tuna mechi. Nikichelewa, piga kelele.