Magome ya Chyulu, Uani Mjambere

Miaka ya themanini ikielekea kwisha nilipanga chumba Mjambere, huku pwani, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu na uani nyuma. Mimi mtu wa Taita, sikuwa na mume wala mtoto, na kazi yangu hakuna aliyeielewa. Niliajiriwa na mtafiti aliyekusanya kuvumwani katika mbuga ya taifa ya Chyulu, yale madoa ya kijivu na kijani yanayoota kwenye magome ya miti. Yeye alikusanya, mimi nikakausha, nikafunga kila kipande kwenye karatasi iliyokunjwa na kuandika juu yake kilikotoka: kilima gani, mti gani, tarehe gani. Kisha pakiti zilipelekwa Nairobi, kwenye ghala la mimea mikavu, zikae huko hata sisi tukishakufa.

Shida ilikuwa unyevu wa pwani. Nisipoyaanika magome, yanaoza. Basi nilitandaza mkeka uani, nikaanika, pua na mdomo nimevifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Jamani! Mwanamke wa peke yake, magome ya miti ya mbali, vikaratasi vilivyokunjwa vyenye maandishi. Hapo mganga anahitaji kibao gani tena mlangoni?

Hakuna aliyenitukana, watu wa pwani wana adabu zao. Salamu zilibaki, mengine yote yakakoma. Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyezoea kuniletea sahani ya futari ingawa sifungi, aliacha. Watoto wake waliitwa ndani kila nilipotoka. Nilieleza mara moja, nikaeleza tena, kisha nikakasirika, nikanyamaza. Jioni nilikula nimefungulia redio kwa sauti kubwa nisisikie wenzangu wakicheka ukumbini. Upweke uliniuma, sina haja ya kuupamba.

Alasiri moja jirani yule akapiga hodi. Nilifurahi hata nikamwaga sukari. Alikaa ukingoni mwa kitanda, macho chini.

"Dada, nisitiri," akasema. "Mume wangu yuko Changamwe kwa mwanamke mwingine, harudi. Nipe ile ya kumrejesha mtu."

Nilijua nikimwambia kweli ataondoka. Nikamimina chai kwanza, nikamwuliza habari za watoto, nikamwacha anywe. Ndipo nikafungua pakiti moja mbele yake, nikamsomea yaliyoandikwa.

"Ni gome tu. Si dawa, haki ya Mungu."

"Waninyima, dada."

"Ningekuwa na dawa ya kumrejesha mtu," nikamwambia, "wewe ungekuwa umerudi hapa zamani."

Alimaliza chai yake taratibu, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Kikombe alichonywea nilikiacha pale pale mezani, sikukiosha mpaka kesho yake jioni.