Mvua ya mawe na gari yangu nyeupe

Nitasema yote, mucheke mupone. Niko mwalimu wa cheo cha assistant ku institut moja hapa Bukavu, na gari yangu nyeupe ninaipenda mpaka bibi yangu anaiita mukewenza. Ku kazi hatuna hangari, gari zinalala wazi mu uwanja.

Juzi, katikati ya somo la logique, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Nikaangusha chaki, nikakimbia. Gari nyeupe ilikuwa inachapwa bila huruma. Nikavua koti, nikaitandika juu ya kioo cha mbele. Haikutosha. Nikapanda juu ya capot, kifuniko cha injini, nikalala kifudifudi, mikono wazi, kama maman anayekinga mutoto. Mawe yalinipiga mugongo na kichwa, lakini moyo ulitulia. Wanafunzi walijaa ku madirisha, na mimi nikafikiri wanashangaa uhodari wangu.

Mvua ilipokatika, Directeur wetu akafika na mwavuli, akasimama mbele yangu.

"Assistant, unafanya nini juu ya gari yangu?"

"Pardon, Monsieur le Directeur, hii iko yangu."

Nikashuka, nikajaribu ufunguo. Ukakataa kuingia. Nikageuza, ukakataa tena.

Papa Déo, mulinzi wetu, akakaribia polepole.

"Prof," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka ku madirisha, "ya kwako si uliacha ku nyumba? Asubuhi ulishuka hapa na pikipiki ya taxi-moto, ukaniambia unaogopa mvua itaichafua."