Steringi Aliyeokoka na Viti vya Anko

Kila mtoto wa Kisian anajua sheria ya muvi kabla hajajua Sala ya Bwana: steringi hafi. Yule jamaa mkuu, mwenye muvi yake, risasi humkwepa na mabomu humwonea haya. Kwa hiyo siku Mama aliposimama kanisani akataka kibanda cha video cha Anko kifungwe, sikutetemeka sana. Nilijua steringi atatuokoa. Nilichokuwa sijui ni kwamba atakuja akiwa yeye mwenyewe ameokoka.

Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Anko ni mdogo wake, tumbo moja, ingawa ukiwasikia wakibishana utadhani wanagombania kiti cha ubunge. Kibanda chake cha mabati kimesimama kwenye kiwanja cha kanisa, ukuta kwa ukuta na madhabahu. Pasta akisema, "Tunyamaze mbele za Bwana," bunduki upande wa pili ndizo huitikia. Wazee wa kanisa wakampa Anko Jumapili moja ajitetee. Akishindwa, abomoe mabati arudi kwa Dani, yaani nyanya yangu, akamsaidie kuanika omena, vile vidagaa vya ziwani. Anko anaogopa kuanika omena kuliko jehanamu, kwa sababu kwa Dani huaniki omena peke yako. Unaanika huku mdomo wake ukikuanika wewe.

Siku chache kabla ya hukumu akaniita. "Omera, rafiki yangu, kuja uone huyu."

Kwenye simu alikuwa steringi wetu mkubwa kuliko wote, sasa mzee wa mvi, amesimama jukwaani huko Amerika na Biblia mkononi. Alikuwa anashuhudia jinsi Yesu alivyomtoa kwenye pombe. Kisha, bila hata kumeza mate, akaingia kwenye kampeni: sala irudi shuleni, familia iheshimiwe, kodi ishuke, na watu wawapigie kura wanasiasa wanaoshika mambo ya zamani.

"Huyu ndiye wakili wangu," Anko akasema. "Mamako atampinga mtumishi wa Mungu?"

"Lakini Anko, kwa muvi si huwa anamaliza kijiji kizima?"

"Hiyo ni kazi. Kwani Daudi hakuwa na kazi?"

Jumapili ibada ilipoisha, Anko akabeba televisheni yake kubwa hadi mbele ya kanisa. Kwa vile watu walikuwa wengi na mabenchi machache, akaleta na viti vyake vyote vya plastiki, vile vya bluu, alivyokuwa amevinunua juzi tu na bado vinanukia duka. Akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Leo nimewaletea mgeni wangu kutoka Amerika."

Hapo ndipo alipojifunga, lakini kanisa zima lilikuwa bado linapiga makofi.

Mimi ndiye mkalimani wa kanisa. Mzungu akija, nasimama kando yake namgeuza kwa Kijaluo. Safari hii nikasimama kando ya televisheni, kifua mbele. Ushuhuda ukaenda vizuri mno. Dani akalia. "Woi, pombe ilimtesa, na ana mikono minene hivyo!" Niliposema kodi ishuke, kanisa likainuka lote, amina ya kodi iliipita amina ya wokovu kwa mbali. Kwa sala shuleni wakatazamana. "Kwani watoto wao hawaombi paredi?" mzee mmoja akauliza, akamhurumia Mmarekani kwa dhati.

Kisha steringi akanyoosha kidole akasema bunduki ni haki aliyopewa kila raia na Mungu. Nikatazama Anko. Anko akatazama mabati.

"Anasema," nikageuza, "kila boma liwe na mlinzi."

"Muongo!" Dani akafoka. "Hapo ametaja bunduki. Hilo neno nimelisikia kwa ukuta wa kibanda mpaka naliota. Sasa kama ameokoka, bunduki ni ya kumpiga nani?"

Kanisa likacheka hadi Pasta akajifunika uso na Biblia. Anko akakimbia kuzima televisheni, lakini mzee mweka hazina alikuwa tayari amesimama, anasafisha koo.

"Tumemsikia mgeni. Ameshuhudia vizuri. Pia ameongea siasa, na si mbaya, wote huongea. Lakini ndugu zangu, ni mwanasiasa gani amewahi kushika kipaza sauti ya kanisa hii akaenda bila kuacha kitu?"

Vichwa vyote viligeukia televisheni, kana kwamba steringi angetia mkono mfukoni. Kwetu hiyo ni desturi: mmoja alituachia rangi ya ukuta, mwingine mabati, mwingine ngoma.

"Mzee, hiyo ni video," Anko akasema. "Mwenyewe ako Amerika."

"Umesema ni mgeni wako. Mgeni akikosa, nani hujibu?"

"Mwenyeji!" akina mama wakaitikia.

Mama akatabasamu mara ya kwanza tangu vita vianze. Akapapasa kiti alichokalia. "Mdogo wangu, hivi viti vimekaa vizuri hapa, au ni macho yangu?"

Anko akatazama viti. Akamtazama Dani. Nadhani alinusa omena.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya mtu anayezikwa, "amewaletea hivi viti."

Vigelegele vilivuka barabara ya Busia. Kabla havijaisha, Mama mwenyewe akapendekeza kibanda kibaki, mradi kinyamaze wakati wa ibada, na wazee wakakubali wakiwa wamekaa raha mustarehe.

Siku hizi kibandani tunakalia kreti za soda, na steringi bado hafi. Kanisani kuna mama mzee ambaye kila Jumapili humwombea yule mheshimiwa wa Amerika mwenye moyo wa kutoa. Anko huitikia amina akiwa amesimama mlangoni, kwa maana huchelewa kuamka, na akifika viti vyote vya bluu huwa vimejaa.