Saa ya Baba Mkwe Iliyorudi Ikiwa Mpya

Nianze na lile ambalo watu wa ukweni kwangu wanalisema nisipokuwepo, ili msije mkalisikia kwa mwingine: kwamba niliiba saa ya marehemu baba mkwe wangu. Sikuiba. Lakini mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba ningeiba ningekuwa na maelezo mazuri zaidi, na pengine ningesamehewa mapema, maana mwizi anaeleweka, ila mtu aliyefanya nilichofanya mimi haeleweki hata na mke wake.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari pale Kaloleni. Shule yangu iliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea mwenyewe, na katika niliyojisomea kuna moja lililonikaa kichwani kuliko yote, nalo ni biashara ya saa za kifahari (msiniulize kwa nini, wengine wanafuga njiwa). Mkononi navaa saa ya kawaida ya betri. Lakini nilijua jinsi kampuni za Uswisi zinavyotengeneza saa chache kwa makusudi, jinsi mwenye duka anavyomwambia mteja aliyekuja na hela yake kwamba saa haipo ilhali ipo kabatini, kwamba asubiri, kwamba anunue kwanza nyingine asizozitaka ndipo afikiriwe, na jinsi kampuni zilivyoacha kuwauzia vipuri mafundi wa mitaani ili saa ikiharibika irudi kwao wenyewe. Haya nilimweleza yeyote aliyekaa karibu nami, harusini, nje ya kanisa baada ya ibada, hata msibani. Vijana wa ukweni wakanibatiza Mswisi. Nilijifanya silipendi hilo jina.

Baba mkwe, Mzee Elifasi, alikuwa mwongoza wageni Mlima Meru. Zamani sana mgeni mmoja aliteguka mguu kule juu, mzee akateremka naye mgongoni sehemu kubwa ya njia, na walipofika getini yule mgeni akavua saa yake akamvalisha. Mzee aliivaa mpaka alipolazwa kwa mara ya mwisho. Uso wa saa ulikuwa mweusi ilipokuwa mpya, lakini jua la mlimani liliula mpaka ukawa kahawia, kama chai ya rangi iliyosahaulika kikombeni, nukta zake za kung'aa gizani zikageuka njano, na ubavuni palikuwa na mkwaruzo mrefu wa siku mzee alipoteleza kwenye miamba chini ya kilele. Wajukuu walikuwa wakipitisha kidole kwenye ule mkwaruzo wakidai wasimuliwe tena. Kuona niliona, mara nyingi tu.

Mzee alipofariki saa nayo ilikuwa imesimama, maji yameingia ndani. Ukoo ukapanga siku ya kugawana vitu vya marehemu, na ilishakubalika kwamba saa atavalishwa Anaeli, mtoto wa mwisho wa kiume, ambaye ndiye anabaki na nyumba na mama. Kwenye ukoo ule, anayevalishwa kitu kilichotoka mwilini mwa baba ndiye anasimama mahali pake, wala hakuna mjadala tena.

Mama mkwe akaniita jikoni kwake, kule mlimani juu ya Tengeru.

"Baba Neema," akaniambia, "wewe ndiye unayezijua hizi. Nataka siku hiyo itembee. Mzee alikuwa akilala mkono wake uko chini ya kichwa changu, naisikia mpaka napitiwa na usingizi. Nataka niisikie."

Nikamwambia, "Mama, hiyo niachie mimi."

Kwanza nilimpelekea Bwana Jayanti, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake umeuza na kutengeneza saa mjini hapa tangu enzi za baba yake. Aliifungua, akaitazama sana, akasema, "Acha kwangu. Mimi nasafisha mashine, natia mafuta, natoa unyevu. Uso sigusi." Lilikuwa jibu zuri. Lakini mimi nilikuwa na elimu yangu, nikamuuliza kama kampuni inamuuzia vipuri. Akasema hapana, wala hawajawahi. Nikamuuliza, je, ikihitaji kipuri? Akacheka kidogo: "Kaka, nimesema nasafisha." Mimi nikaona huyu ndiye yule fundi wa mitaani niliyemsoma, aliyefungiwa mlango, nikachukua saa nikaenda nayo Nairobi kwa wakala wa kampuni yenyewe, kwenye duka lenye mlinzi na viti vya ngozi, wakaniambia itasafirishwa Ulaya. Gharama nililipa mimi, nikajiambia ndiyo heshima yangu ya mwisho kwa mzee.

Baada ya wiki kadhaa dada wa pale dukani akanipigia. Nilikuwa stoo, na wenzangu wawili wako karibu, na (naomba mlizingatie hili) niliweka sauti kubwa ili wasikie ninavyozungumza na watu wa Uswisi.

"Mzee, wameangalia saa yako. Wanauliza wafanye kila kitu, irudi kama mpya?"

"Ndiyo, irudi kama mpya."

"Sawa. Na zile sehemu za zamani wakitoa zinabaki na kampuni, hazirudishwi. Si uko sawa na hiyo?"

Hapa ndipo. Mtu mwingine yeyote angeuliza, sehemu zipi? Mama mkwe mwenyewe, ambaye hajawahi kusoma habari ya saa, angeuliza. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba ndiyo kawaida yao, kwamba hawataki vipuri vyao vizagae sokoni, na raha niliyoisikia ya kuwa najua ikanijaa kifuani nikajibu, "Hilo nalijua, dada." Nikakata simu, nikawageukia wenzangu nikawaeleza kwa nini ndivyo inavyokuwa. Walisikiliza kwa adabu.

Saa ilirudi ikiwa kwenye kisanduku siku mbili tu kabla ya kikao. Nikaifungua nyumbani Kimandolu. Uso mweusi tii. Nukta nyeupe. Mishale mipya, kioo kipya, na ubavu umeng'arishwa mpaka nikajiona pua. Nilishtuka kidogo, sitadanganya, lakini nikajipa moyo, nikajiambia imependeza, watafurahi.

Kikao kilifanyika uani, chini ya turubai, migomba pande zote. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo Zakaria, mdogo wake marehemu. Zikagawiwa nguo, zikagawiwa zana, fimbo ya mlimani akapewa mjukuu. Kisha baba mdogo akasema, "Sasa saa. Mswisi, tuletee." Watu wakacheka, mimi nikasimama, nikasalimia wakubwa shikamoo upya kana kwamba ndiyo nafika, nikampa mama mkwe kisanduku kwa mikono miwili.

Akafungua. Akaitazama. Akaigeuza ubavu, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na mkwaruzo, akakipitisha tena. Akaiweka sikioni. Kisha akairudisha ndani ya kisanduku taratibu.

"Baba Neema, hii ni ya nani?"

"Ni ya mzee, mama. Ni ile ile. Imetengenezwa."

"Mimi nimelala na saa ya mume wangu tangu mke wako hajazaliwa. Hii siyo. Hata mlio si wake. Ya mzee iko wapi?"

Hapo ningesema nisamehe, mama, nimekosea, labda ingeishia pale. Lakini mimi ni mtu wa kueleza. Nikaanza kueleza kwamba kampuni hutoa uso wa zamani na kuweka mpya, kwamba vipuri vya zamani hubaki navyo, kwamba hawaviuzi wala hawavirudishi, kwamba ndiyo biashara yao ilivyo, na kadiri nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikisema kama mtu aliyepanga uongo wake mapema.

"Kwa hiyo," akasema Anaeli polepole, "shemeji, wewe umelipa hela yako, ukawapa Wazungu saa ya baba, wakabaki na ya baba, wakakupa hii."

"Siyo hivyo. Ndani ni ile ile."

"Ndani! Nani ameona ndani?"

Shangazi mmoja nyuma akasema, si kwa kunong'ona, "Si ndiye kila siku anatwambia saa hizi zinauzwa bei ya nyumba?" Hapo nikaona elimu yangu yote, miaka yote ile ya kuwasimulia, imegeuka ushahidi dhidi yangu.

Nikasema tumpigie Bwana Jayanti, aliiona. Anaeli akapiga, akaweka sauti kubwa, simu ikashikiliwa katikati ya ukoo mzima.

"Saa ya Mzee Elifasi naijua," ilisema sauti ya Jayanti. "Uso wa kahawia."

"Hii ina uso mweusi, mpya," akasema Anaeli.

"Mweusi? Hiyo mimi sijaiona. Kama wamebadilisha uso, basi pole sana. Ule wa kahawia watu wanautafuta dunia nzima, ndio uliokuwa na thamani, mweusi mpya unapatikana tu. Namba yake ya kiwandani mimi sikuandika, siwezi kuapa ni ile. Muulizeni mkwe wenu. Nilimwambia uso sigusi."

Baba mdogo akakohoa, akasema tuendelee na masufuria. Anaeli hakuvalishwa chochote. Mama mkwe alisimama, akanirudishia kisanduku mbele ya wote, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Kaa nayo, baba. Hii ni ya kwako."

Tulishuka na mke wangu kwa miguu mpaka lami. Tulipofika barabarani akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba Neema, hata mimi hutaniambia? Uliiuza?"

Nimeshamjibu mara nyingi. Husema ameamini.

Saa iko kabatini kwangu. Siwezi kuiuza, maana siku nikiiuza nitakuwa nimethibitisha waliyoyasema, na siwezi kuivaa kwa sababu hiyo hiyo. Na saa za aina ile hujivuta zenyewe kwa mtikisiko wa mkono unaotembea, usipovaa zinasimama, kwa hiyo baada ya gharama yote ile na safari ya kwenda Ulaya na kurudi, imesimama tena. Anaeli anakaa kwenye nyumba ya baba yake bila kitu mkononi, na kaka zake wakubwa wameanza kuuliza ni nani alimweka pale.

Nilishawahi kuwapigia wale wa Nairobi. Ilipokea sauti ile ile ya yule dada, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba nauhitaji ule uso wa zamani, hata ukiwa umeharibika, hata kwa kuununua, kwamba kuna mama mjane anausubiri. Akaniacha kwenye laini kidogo, nikasikia anabofyabofya kompyuta, akarudi.

"Mzee, hauwezi kupatikana. Huwa wanaziharibu," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa niaba yangu: "Lakini mimi si nilikuuliza? Ulisema unajua."

Sasa mtu akinieleza jambo, hata ninalolifahamu kuliko yeye, namwacha amalize, kisha namuuliza. Vijana wa ukweni hawaniiti tena Mswisi. Hawaniiti.