Bibi Monika na Kaburi la Mahameni

Sisi tuliokuzwa kwa matobolwa, viazi vile vya kuchemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama gamba, tuliamini Siku ya Mwisho kama tulivyoamini kesho asubuhi. Tulicheza rede nyuma ya kanisa la kijijini kwetu, mbali na Tabora mjini, na radi ikipiga tulitupa mpira tukakimbilia kuungama. Watoto wa leo radi ikipiga wanauliza umeme utarudi saa ngapi.

Aliyetutia imani hiyo ni Bibi Monika, mama yake baba. Akikaanga karanga alitusimulia jinsi baragumu litakavyolia, makaburi yafunguke, na kila mtu asimame na mwili wake kuhukumiwa. Babu alizikwa nyuma ya nyumba, na bibi alishajichagulia nafasi ubavuni pake.

"Akiamka anione," alisema. "Yule mzee bila mimi hajui hata shati lake liko wapi."

Ndipo ikaja operesheni ya kutuhamishia kijiji cha Ujamaa, kando ya barabara. Msimamizi wake alikuwa kijana mwenye kalamu zilizojipanga mfukoni, ingawa sikumwona akiandika. Tulimwita Bwana Kalamu. Bibi alipomwomba aachwe karibu na kaburi la mumewe, hakumwamkia hata shikamoo.

"Bibi, waliokufa wamekufa. Tangu nizaliwe sijaona maiti aliyeamka kudai shamba."

Wapambe wake wakacheka. Hao walicheka hata akipiga chafya.

"Na baragumu likilia nami niko huko barabarani kwenu?" bibi akauliza.

"Tutakuletea lori."

Wakaezua paa mbele ya macho yake. Bibi akapandishwa lorini na kuku wake na chungu chake, bila kutoa chozi. Katika kijiji kipya katekista akamfariji kwamba Mungu anawajua walio wake popote walipolala.

"Mungu anajua," bibi akamjibu. "Mimi ndiye nisiyejua njia."

Basi kila Jumapili baada ya ibada alirudi mahameni, kijiji chetu kilichohamwa, kung'oa magugu kaburini, sisi wajukuu tukimfuata huku tumbo linanguruma.

Kisha mama yake Bwana Kalamu, aliyekuwa akikaa naye, akafariki. Tulidhani atazikwa pale pale, si waliokufa wamekufa? Thubutu! Akalichukua lori lile lile la operesheni ampeleke mama kwao, mbali kule Nzega. Bibi akaenda kumpa pole, akamkuta amekaa mkekani, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Mbona safari ndefu hivyo?"

"Shikamoo, bibi." Ilikuwa mara ya kwanza. "Aliniomba mwenyewe. Alisema baba asije akaamka peke yake."

"Marahaba. Basi nami nakuomba hilo hilo."

Bwana Kalamu akainamisha kichwa, akakubali.

Bibi alipokufa, lori lilikwisha kuharibika kama mengi ya wakati ule. Wanaume walimbeba mabegani kwa kupokezana, na Bwana Kalamu alikuwamo, suti imeloa jasho. Tukamlaza bibi kando ya babu. Nililia, lakini nilirudi moyo umetulia.

Leo nazika wa rika langu na kuwatazama watoto wao. Wanakuja kutoka Dar na miwani myeusi, wanajipiga picha na jeneza, wanagombana kuhusu rangi ya vigae vya kaburi, na jioni hawajui marehemu alikuwa anasali wapi. Mhubiri anashika kipaza sauti, anawaahidi magari na safari za Ulaya. Hukumu haitaji, asije akawaudhi. Yule msimamizi wetu alikuwa na kiburi, lakini msiba ulipomfika aliona haya. Hawa wetu hata haya yenyewe imekufa, na sijasikia mhubiri anayeahidi kuifufua.