Nyama Ina Muhuri

Juzi, katika ofisi moja mjini Tarime, nilimwona karani akimrudishia binti cheti chake cha uhandisi. Alikisukuma kwa kidole kimoja.

"Dada, programu uliyosoma haina ithibati. Kwa shahada hii hatuwezi kukusajili kuwa mhandisi."

Binti alikirudisha kwenye bahasha ya kaki taratibu, kona zisikunjike. Baba yake, mwenye bucha kule Kewanja, akamuuliza karani kwa upole, "Mwanangu, mimi siuzi hata robo kilo kabla bwana afya hajagonga muhuri kwenye nyama. Chuo kiliwezaje kumuuzia huyu miaka minne bila muhuri?"

Karani akainamia makaratasi yake.

Nami ninunuapo nyama buchani huigeuzageuza mpaka niuone muhuri. Ila mwanangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi, na chuo chake sijawahi kukiuliza kitu.