Majeruhi Namba Tatu

Kwa hesabu yangu, Marehemu alikufa zaidi ya mara elfu sita, na kila alipokufa aliinuka, akanyoosha mgongo na kuuliza kama chai imebaki. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Mwanzoni walilisema pembeni, baadaye wakalisema mbele yake, naye akawa anaitika. "Shikamoo, Marehemu." "Marahaba, hujambo?" Mgeni akiwasikia hujikuta anatafuta mlango.

Tulifanya kazi chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja, ghorofa ya juu ya jumba la mazoezi ya jeshi, nyuma ya kioo kinachotuwezesha kuona chini bila wa chini kutuona. Chini ni ukumbi mpana kama ghala. Kuta zake zote ni skrini, na kompyuta zikiwashwa zinageuka mtaa unaoungua, daraja lililokatika, soko lililopigwa bomu, chochote anachotaka mkufunzi siku hiyo. Sakafuni tunalaza midoli minane. Msicheke. Midoli hiyo inapumua, inatoka jasho, mboni za macho zinasinyaa ukizimulika tochi, na mishipa yake inavuja damu ninayoikoroga mwenyewe kwenye ndoo, unga wa rangi na sabuni kidogo ili iteleze. Ndiyo sababu wananiita Mama Damu. Nina watoto wanne na cheti cha ufundi umeme, lakini jina ndilo hilo.

Marehemu alikuwa sauti. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti na safu ya vitufe. Akibonyeza namba mbili, mdoli namba mbili unaongea, maneno yake yakipitia kwenye mashine inayoifanya sauti iwe nzito au nyembamba. Alilia kilio cha askari wa miaka ishirini, cha mama mjamzito, cha mzee aliyevunjika nyonga. Wanafunzi walitoka mle wamelowa jasho, na wengine walitapika. Ukigeuka kumtazama mwenye sauti, unamwona baba wa miaka hamsini na tisa, sweta la kijivu, miwani imefungwa uzi mkono mmoja, kakaa wima kama mtu aliye benki anayesubiri namba yake iitwe.

Hapo ndipo aliponiudhi. Nje ya kipaza sauti, yule bwana hakuwa na maneno. Alikuwa sajini mstaafu aliyerudishwa kwa mkataba, na chakula chake alikila peke yake kwenye ngazi za nyuma, akiutazama ukuta. Nilikaa naye miaka miwili kabla sijajua kwamba ni mgane, na habari yenyewe niliipata kwa karani wa likizo. Nilimfokea siku hiyo. "Yaani mimi nakuuliza kila Jumatatu shemeji hajambo, na wewe unanijibu hajambo?" Akafikiri kidogo, akasema, "Sikutaka kukuharibia Jumatatu."

Alikuwa na binti mmoja. Mama alipofariki mtoto alikuwa na miaka tisa, na baba akajifunza kusuka nywele kwa kumchungulia jirani akimsuka mwanawe. Yule binti alikua, akaingia jeshini kama baba, akasomea utabibu wa kikosi na kupangiwa zahanati ya kambi, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwao. Jioni walikula pamoja, redio ikisema badala yao. Siku moja alikuja kwangu kuchukua ndoo ya damu ya kufundishia, nikamuuliza mzee akoje nyumbani. Akacheka. "Mama, baba yangu anaongea mchana kutwa na watu wasiomjua. Akifika kwangu ameshamaliza."

Basi ikaja habari kwamba kikosi cha kulinda amani kinakwenda nchi ya mbali kwa mwaka mzima, na kinahitaji matabibu wanne. Waliojitokeza walikuwa kumi. Mtihani wa mwisho ungefanyika kwenye ukumbi wetu, mmoja mmoja, na watakaoshindwa wangerudi kwenye zahanati zao. Marehemu alinipa habari hiyo kwa maneno manne: "Mtahiniwa sita ni wangu."

Mkufunzi mkuu, meja mmoja asiyepaza sauti hata akikasirika, alimwita na kumwambia akae pembeni siku hiyo. Akamjibu kwamba kazi ni kazi, na kwamba hakuna mwingine anayezijua sauti. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini kuna jambo lingine, na hili nalisema kwa aibu yangu. Siku moja kabla ya mtihani, tukiwa tunafunika mashine, aliniuliza, "Hivi kifungua mimba wako alipoondoka, wewe ulifanyaje?" Miaka kumi na mmoja hajawahi kuniuliza swali kama hilo. Nami, ulimi usio na mfupa, nikamjibu, "Nilipangisha chumba chake!" Nikacheka peke yangu. Yeye akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa maelekezo, akavaa kofia yake akaenda.

Kanuni ya kwanza wanayofundishwa matabibu wetu ni hii: anayepiga kelele ana pumzi. Ukifika mahali penye majeruhi wengi, yule anayekuita kwa sauti kubwa mfunge jeraha haraka, mwambie unakwenda wapi, umwache, umtafute aliyenyamaza. Aliyenyamaza ndiye anayekufa. Ni rahisi kuiandika kwenye daftari. Kuitenda, mtu ameshika suruali yako anakuita kwa jina la Mungu, ni kazi nyingine kabisa.

Kwenye mtihani ule mpiga kelele alikuwa namba tatu, mguu umesagika. Aliyenyamaza alikuwa namba saba, nyuma ya kipande cha ukuta, ulimi umeziba koo. Asipogeuzwa ubavu ndani ya dakika nne, amekwisha. Namba saba nilimwendesha mimi. Namba tatu alikuwa wa Marehemu, na kila mdoli una kadi yenye maneno unayoruhusiwa kusema. Kadi ya namba tatu ilikuwa na mistari miwili: nisaidie, mguu wangu; nakufa, usiniache. Mistari ikiisha unairudia. Marehemu hakuwahi kuongeza neno la kwake juu ya kadi, na aliwasema vibaya walioongeza.

Watano wa mwanzo waliingia na kutoka. Wawili kati yao walimganda namba tatu hadi saba wangu akafa, nami nikazima taa yake.

Akaingia binti. Mtaa ukawaka kwenye kuta, nikafungulia moshi na milio. Alitembea ameinama, macho yake yakipima ukumbi mzima kabla mikono haijagusa kitu, nikajisemea huyu amefundishwa akafundishika. Namba tatu akamwita. Akapiga goti, akachomoa mkanda, akaukaza juu ya jeraha. Sekunde ishirini na tano. Damu ikakoma, nikaiona ikikoma kwenye mita yangu. Akaanza kuinuka.

"Usiende," mdoli ukasema.

Hilo halikuwa kwenye kadi. Niligeuka. Marehemu alikuwa ameushika mlingoti wa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kaa kidogo. Nina mtoto mmoja tu na anaondoka. Nyumba ina vyumba vitatu. Nitakuwa nazima taa ya chumba kimoja nikiwasha ya kingine. Sijui kupika kwa mtu mmoja, kila siku kitabaki. Kaa. Watakuja wengine kuwahudumia hao."

Binti alikuwa ameganda, goti moja chini, kiganja chake juu ya kifua cha mdoli. Sauti ilikuwa ile ya mashine, nzito, si ya baba yake, lakini nani asingejua? Kwangu pumzi ya namba saba ilikuwa inashuka. Dakika mbili zimekwenda. Mbili na nusu. Ningeweza kumwongezea pumzi kidogo kwa kidole kimoja, na asingejua mtu. Sikuongeza, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au woga. Nilichofanya ni kumpiga Marehemu teke la ugoko chini ya meza. Hakulisikia.

"Nilipaswa kukuambia siku nyingi," mdoli ukasema. "Sikujua pa kuanzia."

Yule binti akainama mpaka paji lake likakaribia kugusa mpira wa uso ule. Kipaza sauti cha ukumbini kikaleta sauti yake, pole na safi, ile wanayofundishwa.

"Nimekufunga. Huvuji tena, hutakufa. Kuna mwenzako nyuma ya ukuta simsikii. Nakwenda kwake. Nakuacha hapa."

Akainuka. Akauzunguka ukuta, akamkuta saba, akamgeuza ubavu na kuusafisha mdomo kwa vidole. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na tisa.

Jumba letu lina desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mtihani ukiisha, wote wanakaa kwenye mabenchi, kamera zinarudisha kila kitu kwenye skrini, kisha majeruhi hutoa ushahidi. Yaani aliyekuwa sauti hushuka, husimama mbele ya wanafunzi, na kusema kama mdoli ungekuwa mtu ungesemaje: huyu alinishika vizuri, huyu alinikanyaga mkono, huyu hakuniambia hata jina lake. Ushahidi una alama, nazo ni nzito. Kwa kukawia kwake pale kwa namba tatu, binti alikuwa wa tano kati ya kumi. Ushahidi ungempandisha hadi wa nne, au ungembakiza alipo. Aliyeishika nafasi ya nne alikuwa ameshapewa ushahidi wake: safi.

Kwanza wakairudisha ile sauti. Ukumbi mzima ukaisikia, maneno ya nyumba na taa na chakula kinachobaki. Mwanafunzi mmoja wa benchi la nyuma akacheka, akaona amecheka peke yake, akakohoa. Meja akasimamisha picha. Hakuuliza maneno yale yametoka kadi gani, Mungu ambariki.

"Majeruhi namba tatu," akasema. "Uliachwa. Una malalamiko?"

Marehemu alisimama mbele yetu, mikono kwenye mshono wa suruali, kama askari kuruta. Neno moja tu lilitosha. Hakunituliza. Hakunisikiliza. Alikawia, akatetemeka. Yoyote kati ya hayo angeweza kuyasema na tungemwamini, na binti angerudi zahanati, dakika kumi kutoka mlangoni kwake, jioni wakala pamoja redio ikiwaka. Nilimwona akilitafuta hilo neno. Nilimwona akilipata. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu na hakuifuta.

"Sina malalamiko, afande," akasema. "Alinifunga vizuri. Aliniambia ukweli. Aliniambia anakwenda wapi. Ameniacha inavyotakiwa."

Meja akaandika. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Wale wanne waliondoka baada ya wiki mbili, binti akiwa mmoja wao. Sikwenda kuwaaga, damu ilikuwa inahitajika kwa darasa jipya. Jumatatu iliyofuata Marehemu alikuja kazini kama kawaida, sweta lile lile, nami safari hii nikauma ulimi wangu nikangoja. Saa nne, tukiwa tunanywa chai, akaanza kusema mwenyewe, akiitazama skrini iliyozimwa.

Alisema siku ya mwisho walikula mapema. Binti akaosha vyombo, akakunja sare zake juu ya meza ya chakula kwa sababu kitanda kilikuwa kimejaa vitu. Yeye akaketi anamtazama. Alikuwa amejiandaa kusema. Alikuwa, alisema, ameyapanga hata maneno. Binti akafunga begi, akamuuliza bila kugeuka, "Baba, yale aliyoyasema namba tatu, yalikuwa kwenye kadi?"

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia yalikuwa kwenye kadi."

Nilitaka kumpiga na kikombe.

"Akasema sawa," Marehemu akaendelea. "Akasema, basi huyo aliyeiandika hiyo kadi, mwambie nitampigia simu kila Jumapili saa kumi. Mwambie asiniambie tu kwamba hapa salama halafu akakata. Mwambie na mimi nyumba ile nitaikumbuka. Mwambie nilikaribia kubaki."

Akasukuma kikombe chake katikati ya meza. Chini wanafunzi wapya walikuwa wanaingia ukumbini, wakiigusagusa midoli kwa ncha za viatu na kucheka.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akavuta kipaza sauti karibu na mdomo, kidole juu ya kitufe, hajakibonyeza bado.

"Nikamwambia nitamfikishia."